Mlio Mmoja wa Bastola Katika Jumba la Bolshoi

Katikati ya mji wa Moscow kuna jumba lenye nguzo nane mbele yake, na juu ya nguzo hizo wamesimama farasi wanne wa shaba wanaovuta gari la Apollo, mungu wa muziki wa Wayunani wa kale. Jumba hilo huitwa Bolshoi, neno la Kirusi ambalo maana yake ni "kubwa", wala hapana mtu aliyepata kulibishia jina hilo. Waafrika wengi wamepita mbele ya nguzo hizo tangu mwaka 1960, kilipofunguliwa chuo kikuu ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba. Wengine walikwenda kusomea udaktari, wengine uhandisi, na wengine, katika vyuo vya kijeshi, walikuwa maafisa waliopelekwa kwa mafunzo. Juma hili safu hii yamwalika msomaji apande ngazi za jumba hilo pamoja na jamaa yake, kutazama opera iitwayo Yevgeny Onegin.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji wake hawasemi, huimba. Okestra hukaa katika shimo pana lililo mbele ya jukwaa, na mwongozaji wake husimama mahali ambapo waimbaji na wapigaji ala wote waweza kuiona fimbo yake ndogo. Waimbaji hawashiki vipaza sauti. Sauti ya mtu mmoja hupita juu ya fidla, tarumbeta na ngoma, ikamfikia aliyeketi roshani ya juu kabisa, na kazi hiyo ya kifua na koo hufundishwa kwa miaka mingi. Wako wanaocheka wakiambiwa kwamba mtu aliyebakiwa na nusu saa ya kuishi husimama akaimba badala ya kukimbia. Wenye kucheka na wajiulize kwanza kwa nini watu huimba msibani.

Miongoni mwa opera za Kirusi zimo zenye wafalme, majeshi na ghasia za umma. Hii haina vita. Ina mlio mmoja tu wa bastola, nao husikika katikati ya mchezo, alfajiri, baina ya vijana wawili ambao siku chache kabla ya hapo walikuwa wakila meza moja. Kwa nyumba ambazo baba au mama hutoka kila siku kwenda mahali ambapo silaha huchukuliwa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu, hapana opera iliyo karibu zaidi na mlango wao.

Katika majira ya baridi mtazamaji hufika mapema, maana kwanza sharti koti livuliwe. Kuingia ukumbini na koti zito ni utovu wa adabu kwa Warusi, sawa na kuingia sebuleni kwa mtu na viatu vyenye tope. Nyuma ya meza ndefu wahudumu hupokea makoti, wakayatundika na kumpa mwenyewe kibati chenye nambari. Akina mama waliokuja na mabuti ya theluji huyavua papo hapo, wakavaa viatu vyepesi walivyovibeba mfukoni. Hukodishwa pia darubini ndogo za kutazamia jukwaa, nazo zina faida ya pili ambayo wenyeji waijua vyema: katika majumba mengi ya Urusi, aliyekodi darubini hupewa koti lake bila kungoja foleni mchezo ukiisha. Kisha kengele hulia mara tatu, na baada ya ile ya tatu taa huanza kufifia.

Kabla hazijazimika, mtazamaji ana nafasi ya kuinua macho. Ukumbi ni mwekundu na wa rangi ya dhahabu, na roshani zimepandana moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, ambako yaning'inia taa kubwa ya vioo yenye uzito unaozidi tani mbili. Viti ni kama 1,740. Kati ya roshani, kikielekea jukwaa, kuna chumba kikubwa kilichokuwa cha mfalme. Kikundi chenyewe cha wasanii ni cha tangu mwaka 1776, na jumba hili la nguzo lilifunguliwa mwaka 1825. Mwaka 1853 liliungua, na Alberto Cavos aliyelijenga upya akakusudia ukumbi mzima uwe kama chombo cha muziki. Alitumia mbao kwa wingi katika kuta na dari, kama fundi anayetengeneza sanduku la fidla, ili sauti isimezwe na mawe. Likafunguliwa tena mwaka 1856.

Jumba hili limepata pia kuonja vita. Oktoba 1941, majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakiukaribia Moscow, bomu la ndege lilianguka na kuuharibu upande wake wa mbele. Sehemu kubwa ya wasanii ilikuwa imehamishiwa mji wa Kuibyshev, kando ya mto Volga, na wengine wakaenda kwa vikundi vidogo hadi kwenye mstari wa mapigano kuwaimbia askari. Mwaka 1943 jumba likarudia kazi yake. Na mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha, mwongozaji Boris Pokrovsky akaitayarisha Yevgeny Onegin kwa namna ambayo iliendelea kuonyeshwa kwa miaka kama 60, hata mjukuu akaweza kutazama mchezo ule ule aliotazama bibi yake.

Sasa pazia lafunguka. Hapana jumba la kifalme wala mahakama. Kuna bustani ya nyumba ya shamba, na mama mwenye nyumba, Bibi Larina, ameketi na yaya mzee wakipika jemu. Ndani ya nyumba mabinti wawili waimba, na kina mama hawa wawili waisikiliza nyimbo hiyo huku wakikumbuka ujana wao. Larina, kabla hajaozwa kwa mtu asiyemtaka, alikuwa amempenda sajini mmoja wa kikosi cha walinzi wa mfalme, mtanashati na mcheza kamari. Alilia, kisha akaizoea nyumba yake, na mazoea yakashika mahali pa furaha. Yaya naye, kama isikikavyo baadaye, aliozwa akiwa na miaka 13, na mume wake alikuwa mdogo kuliko yeye. Mambo haya hayatangazwi kwa kishindo. Hutajwa juu ya sufuria ya jemu.

Kijana Lensky, mshairi, ndiye mchumba wa Olga, binti mdogo mchangamfu. Siku hiyo amleta rafiki yake mpya, Onegin, tajiri aliyetoka mjini na ambaye hakuna kitu kinachompendeza. Binti mkubwa, Tatyana, mpole na mpenda vitabu, ampenda papo hapo. Usiku huo hakulala. Akamwandikia barua kumweleza yaliyo moyoni mwake, jambo ambalo msichana wa zama hizo hakuruhusiwa kulifanya. Kwa muda mrefu mwimbaji yu peke yake jukwaani na kalamu, akiandika, akirarua, akiandika tena, mpaka kukapambazuka na filimbi ya mchungaji ikasikika. Onegin akamjibu bustanini kwa maneno ya adabu na baridi: kwamba yeye si mtu wa ndoa, na kwamba msichana ajifunze kujizuia. Hakumtukana, na pengine hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Pyotr Tchaikovsky, mtunzi wa muziki huu, alikuwa na sababu ya kuijua barua ya namna hiyo. Mwaka 1877, alipokuwa akiianza kazi hii, mwanamke mmoja kijana alimwandikia kumweleza upendo wake. Hakutaka kuwa Onegin. Akamwoa Julai ya mwaka huo, na ndoa ikavunjika baada ya majuma machache. Opera yenyewe hakuipeleka kwanza Bolshoi. Alichelea kwamba waimbaji wakubwa wa huko wangeifanya nzito na ya mapambo, akataka vijana; kwa hiyo Machi 1879 ilionyeshwa mara ya kwanza na wanafunzi wa chuo cha muziki cha Moscow katika jumba la Maly, na Bolshoi ikaipokea mwaka 1881.

Sehemu ya pili yaanza kwa karamu, na hapa ndipo wasomaji wa ukurasa huu wafungue macho. Ni sikukuu ya jina la Tatyana, katika kipupwe cha Urusi. Majirani wamejaa. Kamanda wa kombania iliyo karibu amefanya ukarimu, amekuja na bendi ya jeshi, na wasichana wamzunguka kumshukuru. Walzi yapigwa. Onegin acheza na Tatyana, na akina mama walioketi ukutani waanza kunong'ona: huyu hana adabu, huyu mcheza kamari, msichana huyu ataharibikiwa akiolewa naye. Onegin asikia. Akasirika, si kwao, bali kwa Lensky aliyemlazimisha kuja. Aamua kumkomoa rafiki yake kidogo, basi amchukua Olga, acheza naye mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku akimnong'oneza sikioni.

Ni utani mbaya, lakini ni utani. Lensky hawezi kuuona hivyo. Amlaumu Olga, naye ajibu kwa kuendelea kucheza. Sauti yapanda. Onegin ajaribu kwanza kumtuliza kwa kumwambia kwamba watu wawatazama, na maneno hayo, ambayo yangaliweza kuwaokoa kama yangalisemwa nje uani, ndiyo yanayomwasha Lensky zaidi, maana ni kweli: watu wanatazama. Bendi yanyamaza. Wageni wafanya duara. Kila neno sasa lina mashahidi mia. Lensky amtukana rafiki yake mbele ya wote na kumtaka wakutane kwa bastola. Larina alia kwamba hayo yametokea nyumbani kwake. Tchaikovsky ameifanya sauti ya Lensky hapo ianze polepole, karibu ya kubembeleza, akiikumbuka furaha aliyoipata katika nyumba hiyo. Kisha wengine wote wajiunga mmoja baada ya mwingine, hata ukumbi mzima ukawa wimbo mmoja wa watu ambao kila mmoja ajua jambo baya linakuja, na hakuna ashikaye mkono wa mwenziwe.

Kisha pazia lafunguka tena, ni alfajiri, kando ya kinu cha maji, theluji chini. Selo, yaani zile fidla kubwa za sauti nzito, zimekwisha kuutoa wimbo ambao Lensky yu karibu kuuimba. Amefika mapema na msimamizi wake, Zaretsky. Katika kitabu ambamo hadithi hii imetoka, Lensky karibu atimize miaka 18. Ameketi, ameinama, na aaga ujana wake. Sergei Lemeshev, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1902, aliuimba wimbo huo katika Bolshoi na kwingineko katika maonyesho zaidi ya 500, na mwaka 1972, akitimiza miaka 70, aliuimba tena. Mzee wa miaka 70 alisimama kama kijana wa 18 ajuaye kwamba hatakiona chakula cha mchana, na watu wakamsadiki.

Onegin amechelewa. Alipitiwa na usingizi. Msimamizi aliyemleta ni mtumishi wake wa nyumbani, mtu wa kumvulia viatu. Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa zama hizo wamelieleza vizuri, na ambalo mtazamaji asiyelijua atalipita. Pambano la bastola lilikuwa na taratibu zake. Kazi ya kwanza ya wasimamizi ilikuwa kutafuta suluhu. Tena wasimamizi walipaswa kuwa watu wa daraja moja, na mpiganaji aliyechelewa mno aliweza kuhesabiwa kuwa hakufika. Zaretsky, ambaye yasemwa kuwa mjuzi na mpenzi wa taratibu hizo, alikuwa na milango hiyo yote wazi mbele yake. Angeweza kukataa kupimana na mtumishi. Angeweza kusema saa imepita, twendeni nyumbani. Angeweza kuuliza swali moja tu: je, hamtaki kupatana? Hakuuliza. Alipima hatua, akazijaza bastola, akawa mwangalifu sana kwamba kila kitu kifanyike kama inavyopasa. Watu wa namna ya Zaretsky wako katika kila kazi yenye kanuni. Hukumbuka kifungu cha tano na kusahau cha kwanza.

Wakati anapopima, marafiki wawili wasimama wakipeana migongo, na muziki wafanya jambo ambalo maneno matupu yasingeliweza. Lensky aanza kuimba, na Onegin amfuata nyuma kidogo kwa maneno yale yale na sauti ile ile, kama watoto wanaokaririshwa somo moja. Kila mmoja ajiuliza peke yake kama wamekuwa maadui kwa muda mrefu. Kila mmoja akumbuka walivyokuwa wakishirikiana mawazo na kazi. Kila mmoja atamani wacheke na kuachana kwa amani kabla damu haijamwagika. Mawazo yao ni yale yale, ila hayasikiki upande wa pili. Mwenye kuyasikia ni mtazamaji aliye roshani, na yeye hana ruhusa ya kupiga kelele. Mwisho wake wote wawili wafikia jibu moja: hapana. Laimbwa kwa sauti ya chini, mara kadhaa, na kila mara lazidi kuwa baridi.

Zaretsky apiga makofi matatu. Wapiga hatua nne, wainua bastola. Onegin ndiye afyatuaye kwanza. Lensky ayumba, aangusha silaha, aanguka. Onegin amkimbilia na kuuliza kwa neno moja kama amekufa, na ajibiwa kwa neno lilo hilo. Aficha uso. Okestra yaurudia wimbo wa marehemu kwa nguvu, na pazia lafungwa. Ukumbini husikika watu wakikohoa na kutafuta leso.

Mwaka 2006, jumba kubwa likiwa limefungwa kwa matengenezo yaliyoanza mwaka 2005 na kwisha mwaka 2011, mwongozaji mwingine aliitayarisha opera hii upya katika jukwaa jipya lililo jirani. Akaziondoa bastola na hatua za kupimwa. Badala yake bunduki ya kuwindia ikalia watu wakinyang'anyana. Galina Vishnevskaya, aliyekuwa Tatyana mashuhuri wa Bolshoi tangu miaka ya 1950, alichukizwa hata akakataa kuadhimisha humo miaka yake 80. Mtu aweza kusimama upande wowote katika ugomvi huo. Ila ni dhahiri kwamba risasi ya bahati mbaya huwapa wote udhuru, na Lensky wa kale hakufa kwa bahati mbaya. Alikufa kwa utaratibu.

Aliyeitunga hadithi yenyewe, Aleksandr Pushkin, ana undugu na bara hili. Mama yake alikuwa mjukuu wa Abram Petrovich Gannibal, Mwafrika aliyechukuliwa utotoni, akapelekwa Constantinople na kisha Urusi kwa mfalme Peter Mkuu. Wataalamu hawajakubaliana kama kwao ni upande wa Uhabeshi na Eritrea au ni Logone-Birni katika Kameruni ya leo. Mfalme akamlea na kumsimamia katika ubatizo mwaka 1705, kisha akapelekwa Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Aliporudi alijenga ngome, akapanda vyeo hadi kuwa jenerali mkuu, akafa mzee mwaka 1781. Pushkin aliona fahari juu ya babu huyo, na mwaka 1827 alianza kuandika hadithi juu yake, ambayo hakuimaliza.

Peter yule yule aliyemlea Gannibal ndiye aliyeweka katika sheria zake za kijeshi kwamba wapiganao kwa namna hii wauawe, na aliyekwisha kufa katika pambano atundikwe vilevile akiwa maiti. Sheria ilikuwa kali hivyo, na vijana waliendelea kuuana, kwa kuwa waliogopa mnong'ono wa ukumbini kuliko kitanzi. Mambo yaligeuka hata mwaka 1894, chini ya Alexander wa Tatu, mahakama za maafisa zikaruhusiwa kuamua kwamba ugomvi fulani haumaliziki ila kwa silaha. Yaani jeshi lililokuwa likimnyonga mpiganaji likaanza kumwagiza apigane.

Na Pushkin mwenyewe? Alikuwa amekwisha kuandika kifo cha Lensky, na kumwonyesha Onegin akijua kwamba angalipaswa kumtuliza kijana badala ya kuogopa cheko la wajinga. Lakini Februari 8, 1837, kwa kalenda ya sasa, alisimama kwenye theluji karibu na mto mdogo nje ya Petersburg, mbele ya Georges d'Anthès, afisa wa kikosi cha farasi cha walinzi, ambaye alikuwa amemwoa dada wa mke wake. Chanzo kilikuwa maneno ya mji juu ya mke huyo. Watu wasiojitaja walikuwa wamemtumia barua za dhihaka. D'Anthès alifyatua kwanza. Pushkin alikufa siku mbili baadaye, na umri wake ulikuwa miaka 37. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu d'Anthès kifo, kisha hukumu ikapunguzwa: akanyang'anywa cheo na kusindikizwa hadi mpakani. Mjane alibaki na watoto wanne.

Wakati wa mapumziko watazamaji hutembea kumbini mbilimbili, polepole, na wengine hupanga foleni ya mikate midogo yenye samaki, keki na chokoleti. Bei yake haifai kusimuliwa kwa mtu mwenye watoto. Ni vizuri kutembea, maana sehemu ya tatu yahitaji kichwa chepesi.

Miaka imepita. Petersburg, jumba la fahari, polonezi yapigwa na tarumbeta, wageni wapita kwa nishani na mavazi marefu. Onegin amerudi kutoka safari ndefu. Ana miaka 26, hana mke wala kazi, na amwona yule aliyemwua kila mahali. Akamwona pia mwanamke mtulivu ambaye wote wampisha kwa heshima: ni Tatyana, na mume wake ni mkuu Gremin, askari mzee. Katika kitabu yasemwa kwamba mume huyo alilemazwa vitani. Tchaikovsky hakumpa Gremin mambo mengi ya kutenda, ila amempa wimbo mmoja wa sauti nzito sana ya kiume, ambao kwao humweleza Onegin, bila kujua amweleza nani, jinsi mwanamke huyu alivyoyaangaza maisha ya mtu aliyezeeka kambini na katika dunia ya wanafiki. Hausemi juu ya ushindi wala vyeo. Ni mtu aliyerudi nyumbani akamkuta mtu. Wake wa askari waliouelewa wimbo huo hawahitaji kujua Kirusi.

Sasa ni zamu ya Onegin kuandika barua, na zamu ya Tatyana kusikiliza. Amkaripia, alia, akiri kwamba bado ampenda, kisha amwambia kwamba ameolewa na atadumu katika neno lake. Jibu hili limewagawa Warusi kwa miaka mingi. Mhakiki Belinsky aliliona kuwa utumwa wa mwanamke kwa desturi asiyoichagua. Dostoevsky, katika hotuba ya mwaka 1880 wakati sanamu ya Pushkin ilipozinduliwa mjini Moscow, alimtetea kwa kuuliza ni furaha gani iwezayo kujengwa juu ya aibu ya mume mzee asiye na kosa. Mabishano hayo hufuata watu hadi nyumbani, na yasemwa pia kwamba mabwana huwa wepesi zaidi kukubaliana na Dostoevsky. Tatyana mwenyewe habishani. Atoka, na Onegin abaki peke yake jukwaani na kilio kimoja kifupi, pazia likashuka.

Makofi huanza roshani za juu, walikoketi wanafunzi, yakashuka chini. Waimbaji watokea mmoja mmoja kupokea maua, ambayo hesabu yake sharti iwe witiri, tatu au tano au saba, kwa kuwa Warusi huyaweka maua ya shufwa juu ya makaburi. Gremin ainamisha kichwa. Zaretsky apata makofi machache. Kisha Lensky, aliyekuwa amelala kwenye theluji saa moja na zaidi iliyopita, aja mbio kutoka nyuma ya pazia, vazi lake bado lina doa jekundu, amshika Onegin mkono, na wote wawili wasogea mbele hadi ukingoni mwa jukwaa, wakicheka. Chini, kwenye meza ndefu, foleni ya makoti imekwisha kufika ngazini, na wenye darubini wapita pembeni.